SOMO LA UFUNDI: Kisanduku cha Dii-ai, na Waya Usiokatwa



Hapa kwetu Mraru, kama ilivyo Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, siku hizi mikutano mingi ina vyombo vya stima. Kwaya ina kinanda, vijana wana gitaa la solo na gitaa la besi, na uwanjani kuna spika mbili kubwa. Iwe ni ibada, arusi, harambee ya shule au mazishi, watu wametoka mbali kuja kusikia. Lakini mara nyingi waliokaa mbele wanaziba masikio, na walio nyuma chini ya mti wanasikia besi peke yake. Maneno hayawafikii. Juu ya hayo kuna ule mngurumo wa "mmmm" usiokwisha tangu asubuhi mpaka jioni.

Kikundi kikiona hivyo, wazo la kwanza huwa ni kuchanga pesa ili kununua amplifaya kubwa zaidi. Wazo la pili ni kumwita kijana mwenye bisibisi akate waya wa ardhi ndani ya plagi, ili ule mngurumo unyamaze. Wazo la kwanza linamaliza pesa bure. La pili linaweza kumaliza mtu.

Katika somo hili tutajifunza juu ya kifaa kidogo kinachosaidia katika mambo haya mawili. Wenye kwaya, viongozi wa vijana na mafundi wa mitambo wasome pamoja, kisha wajibu maswali yaliyo mwisho.

KISANDUKU HIKI NI NINI?

Mafundi hukiita dii-ai, kwa sababu kimeandikwa herufi mbili, D na I. Ni kisanduku cha chuma kinachotosha kiganjani. Upande mmoja kina matundu mawili ya jeki, yaani ile plagi ya gitaa. Upande wa pili kina tundu la pini tatu, sawa na lile la waya wa mikrofoni.

Kazi yake ni moja. Kinachukua sauti ya chombo kutoka kwenye waya wa chombo chenyewe, bila kupitia mikrofoni, na kuiweka katika hali ambayo mikisa inaweza kuipokea vizuri hata ikiwa mbali.

Njia hii ya kuchukua sauti moja kwa moja si ngeni. Katika miaka ya 1960, kule Detroit, Marekani, studio ya Motown ilikuwa ikipeleka sauti ya magitaa na besi moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodi. Besi ya James Jamerson iliyorekodiwa humo husikika wazi, kila noti mahali pake, bila kuwafunika waimbaji. Sisi nasi tunataka hivyo hivyo uwanjani: besi isikike, na maneno yasikike.

KWA NINI SAUTI HUHARIBIKA NJIANI?

Ziko sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni udhaifu wa sauti yenyewe. Zile sumaku zilizo chini ya nyuzi za gitaa hutoa stima kidogo sana. Fikiria chemchemi ndogo ya mlimani. Ukiiachia ijaze mtungi polepole, mtungi utajaa. Lakini ukiifungulia mfereji mpana, maji hayainuki, yanatambaa chini tu. Gitaa ni chemchemi hiyo. Linataka kuunganishwa na kitu kinachovuta kidogo, chenye ukinzani wa omu 500,000 hadi 1,000,000. Tundu la mikrofoni la mikisa huwa na omu elfu mbili hivi, kwa hiyo linavuta kupita kiasi. Ukichomeka gitaa hapo moja kwa moja, sauti inadhoofika na ule mlio wa juu unapotea. Gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Kisanduku kinakaa katikati: kwa gitaa kinaonekana kama mtungi, kwa mikisa kinaonekana kama mikrofoni.

Sababu ya pili ni waya. Waya wa gitaa una uzi mmoja wa kubeba sauti, na wavu wa kuuzunguka. Ukiwa wa mita tano au sita hauna shida. Ukiunganisha nyaya mpaka mita 30 kufikia kwa fundi aliye nyuma ya watu, waya huo umekuwa antena. Unaokota mngurumo wa stima, pengine hata kelele za simu na redio, na vyote vinaingia kwenye spika.

Waya wa mikrofoni wenye pini tatu ni tofauti. Ndani yake mna nyuzi mbili za sauti pamoja na wavu. Kisanduku hupeleka sauti kwenye nyuzi zote mbili, lakini kinyume: huu ukipanda, ule unashuka. Mikisa inapima tofauti kati ya nyuzi hizo mbili. Sasa, kelele za njiani zinaingia kwenye nyuzi zote mbili kwa kiasi kilekile. Kumbuka mizani ya dukani: ukiongeza uzito uleule pande zote mbili, mkono wa mizani hausogei. Ndivyo kelele zinavyofutika, na sauti ya gitaa inabaki. Waya wa namna hii unaweza kwenda mita 50 bila taabu.

Sababu ya tatu ni jukwaa lenyewe. Mtu akiweka mikrofoni mbele ya amplifaya ya besi, mikrofoni hiyo haisikii besi peke yake. Inasikia ngoma, kinanda na mwimbaji aliye karibu. Na kama hakuna mikrofoni kabisa, mpiga besi anaongeza amplifaya yake ili imfikie aliye nyuma. Mpiga gitaa naye hajisikii, anaongeza. Mwenye kinanda anaongeza. Mwisho waimbaji wanapiga kelele na maneno yanazama. Besi ikifika kwenye spika kubwa kupitia kisanduku, amplifaya ya jukwaani inabaki na kazi ndogo tu: kumsaidia mpigaji ajisikie mwenyewe.

AINA MBILI ZA VISANDUKU

Kuna kisanduku cha transfoma. Hiki hakihitaji stima wala betri. Ndani yake mna transfoma ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya sauti. Ni kigumu, kinadumu, na kinafaa sana kwa kinanda na kwa besi yenye betri ndani, kwa kuwa vyombo hivi vina sauti yenye nguvu.

Kuna pia kisanduku cha kielektroniki. Hiki kinahitaji betri, au zile volti 48 ambazo mikisa nyingi hutuma kupitia waya wa mikrofoni. Kinavuta kidogo mno, kwa hiyo kinafaa kwa besi isiyo na betri na kwa gitaa la mbao lililowekewa kifaa cha kunasa sauti.

Mtu asiwauzie kisanduku kilichotengenezwa kwa transfoma ya chaja au ya redio mbovu. Transfoma ya kupunguza stima ya nyumbani haikuundwa kubeba muziki, na sauti yake itawakatisha tamaa.

CHOMBO GANI KITUMIE KISANDUKU?

Besi: ndiyo, tena ndiyo ya kwanza. Besi hupendeza ikichukuliwa moja kwa moja.

Kinanda: ndiyo. Kama kina matundu ya kushoto na kulia na mna kisanduku kimoja tu, tumieni tundu la upande mmoja lililoandikwa "MONO".

Gitaa la mbao lenye kifaa cha kunasa sauti: ndiyo. Mikrofoni mbele yake husumbua kwa miluzi.

Gitaa la solo: hapa ngojeni kidogo. Sauti ya gitaa la solo hutengenezwa na amplifaya na spika yake pamoja. Ukiichukua kabla ya kufika huko, inakuwa kavu na yenye kuchoma masikio. Ni heri kuweka mikrofoni karibu kabisa na kitambaa cha spika ya amplifaya hiyo, na kushusha sauti ya jukwaani.

Kabla ya kununua, angalieni nyuma ya amplifaya yenu ya besi. Baadhi zina tundu la pini tatu lililoandikwa "DI" au "LINE OUT". Hilo ni kisanduku kilichokwisha jengwa ndani. Mnaweza kukuta kitu mnachokitafuta mnacho tayari.

NAMNA YA KUUNGANISHA

1. Shusha kabisa sauti ya laini hiyo kwenye mikisa. Shusha na amplifaya.

2. Chukua waya mfupi wa gitaa, utoke kwenye chombo uingie tundu la "INPUT" la kisanduku.

3. Chukua waya wa pili wa gitaa, utoke tundu la "LINK" au "THRU" uingie kwenye amplifaya ya jukwaani. Sauti inapita humo bila kubadilishwa.

4. Chukua waya wa mikrofoni, utoke kwenye kisanduku mpaka tundu la mikrofoni la mikisa.

5. Kama kisanduku ni cha kielektroniki, washa zile volti 48 wakati laini ingali imeshushwa, kisha ngoja kidogo. Ukiwasha laini ikiwa wazi, utasikia kishindo kinachoweza kuumiza spika.

6. Mwambie mpigaji apige kwa nguvu kama atakavyopiga kwenye wimbo wenyewe, asipapase tu. Pandisha sauti polepole. Taa nyekundu ikiwaka, rudi chini. Kama kinanda kinazidi nguvu, bonyeza swichi ya "PAD" kwenye kisanduku.

7. Kama kuna mngurumo, bonyeza swichi ya "LIFT" kwenye kisanduku. Mara nyingi unanyamaza hapo hapo.

8. Sasa panga sauti zote. Anza na mwimbaji peke yake. Mtume mtu aende mpaka mwisho wa uwanja asikilize maneno. Akiinua mkono kwamba anaelewa, ongeza kinanda, halafu besi, halafu gitaa. Maneno yakianza kuzama, punguza chombo, usiongeze mwimbaji.

ANGALIZO: Kwenye amplifaya kuna tundu la kupeleka sauti kwenye spika. Tundu hilo lina nguvu nyingi. Usiliingize kwenye kisanduku cha kawaida, utakiunguza. Viko visanduku vilivyotengenezwa kuhimili nguvu hiyo, navyo huandikwa hivyo. Hata ukiwa nacho, spika ya amplifaya ibaki imeunganishwa. Amplifaya ya taa za zamani ikiwashwa bila spika inaweza kuharibika.

WAYA USIOKATWA

Sasa tufike kwenye jambo zito la somo hili. Mngurumo unatoka wapi?

Amplifaya iko jukwaani, imechomekwa kwenye soketi ya huko. Mikisa iko nyuma, imechomekwa soketi nyingine. Kila moja ina waya wake wa ardhi, ule wa kijani na manjano. Ukiziunganisha kwa waya wa sauti, wavu wa waya huo unakuwa njia ya tatu kati ya ardhi hizo mbili. Stima kidogo inaanza kuzunguka humo, na kwa kuwa stima yetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, tunaisikia kama "mmmm".

Ukikata waya wa ardhi kwenye plagi, mzunguko unakatika na mngurumo unakwisha. Ndiyo maana watu hudhani dawa imepatikana. Lakini waya ule una kazi yake. Siku uzi wenye stima unapochomoka ndani ya amplifaya na kugusa chuma, waya wa ardhi huichukua stima hiyo, fyuzi inakatika, na hakuna anayeumia. Waya ukiwa umekatwa, chuma chote cha amplifaya kinabeba volti 240. Kutoka hapo stima inapita kwenye waya wa gitaa mpaka kwenye nyuzi. Kijana ameshika nyuzi. Hana habari, kwa sababu amevaa viatu vikavu. Kisha anasogea kuimba, midomo inagusa mikrofoni ya chuma iliyounganishwa na ardhi kupitia mikisa. Sasa stima imepata njia, kutoka mkononi kupitia kifuani.

Usiseme fyuzi itamwokoa. Fyuzi ya plagi ni ya ampia 13, wala haitaona lolote. Miliampia 30 zinaweza kuukaza mkono usiweze kuachia, na zisizofika 100 zinaweza kuuvuruga moyo. Ampia 13 ni miliampia 13,000. Fyuzi inalinda waya, hailindi mtu.

Haya yametokea. Mnamo Mei 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa mikrofoni wakati vifaa havikuwa na ardhi ya kuaminika. Mnamo Oktoba 30, 2005, mchungaji Kyle Lake wa Waco, Texas, alikufa mbele ya waumini wake alipoishika mikrofoni akiwa amesimama ndani ya maji ya ubatizo. Stima ya majumbani kule Marekani ni volti 120. Yetu ni mara mbili ya hiyo.

Basi tofauti ya swichi ya "LIFT" ni nini? Swichi hiyo inakata wavu wa waya wa sauti tu, ndani ya kisanduku. Mzunguko wa mngurumo unavunjika, lakini waya wa ardhi wa amplifaya na wa mikisa inabaki mahali pake, ikilinda watu. Kukata kwenye sauti ni ufundi. Kukata kwenye stima ni kutega mtego.

Mambo mengine ya kushika:

- Vyombo vya jukwaani na mikisa vipate stima kutoka soketi moja inapowezekana. Hilo peke yake hupunguza mngurumo.
- Nyaya za sauti zisilale sambamba na nyaya za stima. Zikibidi kukutana, zipishane kama msalaba.
- Kama mnatumia jenereta, fundi wa stima aliyehitimu aangalie ardhi yake kabla ya mkutano.
- Wekeni ile swichi ya usalama inayokata stima inapovuja, ya miliampia 30. Hiyo ndiyo inayomwangalia mtu.
- Baada ya mvua, au mahali pa maji, tumieni mikrofoni isiyo na waya, yenye betri.
- Mpigaji akisema "gitaa linaniuma", zimeni mara moja, hata kama wimbo uko katikati. Msimwambie avumilie.

KUHUSU PESA

Wengi wetu tunajua habari ya kina mama wa Mraru, ambao katika miaka ya 1970 waliweka akiba kidogo kidogo mpaka wakanunua basi lao. Mabasi ya kwenda Voi yalikuwa yakipita yamejaa, na wao wanaachwa barabarani. Hawakununua kitu cha kujionyesha. Waliangalia ni nini hasa kinachowazuia, wakanunua dawa ya hicho.

Kwaya nayo ifanye vivyo hivyo. Kabla ya kuchanga kwa ajili ya amplifaya kubwa, jiulizeni: shida yetu ni nguvu, au ni sauti kuharibika njiani? Kama spika zenu zinatosha kumfikia mtu wa mwisho na mngurumo, basi zinatosha kumfikia na maneno. Anzeni na kisanduku kimoja cha besi na waya mzuri wa mikrofoni. Cha pili kiwe cha kinanda. Vikundi viwili vya jirani vinaweza hata kununua pamoja na kuazimana, mradi kuwe na daftari la kuandika nani amechukua, lini, na kimerudi katika hali gani.

Kitunzeni mahali pakavu. Toeni betri kama hakitatumika kwa wiki kadhaa. Nyaya zikunjwe kwa duara, zisifungwe kwenye kiwiko.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mkutano wetu uliopita, mtu wa mwisho uwanjani alisikia maneno? Tulimwuliza nani?

2. Fungueni plagi za vyombo vyote vya kikundi, zikiwa zimechomolewa. Ni ngapi zina waya wa kijani na manjano uliofungwa vizuri? Ni ngapi zimekatwa? Zilizokatwa zisitumike mpaka zirekebishwe.

3. Amplifaya yetu ya besi ina tundu la "DI" au "LINE OUT"?

4. Nani kati yetu ana ruhusa ya kuzima stima jukwaani bila kuuliza mtu? Mchagueni leo, na kila mpigaji amjue.

ZOEZI: Jumamosi ijayo, kabla ya mazoezi, shusheni amplifaya zote za jukwaani nusu. Imbeni wimbo mmoja mnaoujua. Mtoto asiyeujua wimbo huo asimame mbali, kisha aje aseme maneno aliyoyasikia. Yale aliyoyakosa yaandikeni, halafu rudieni tena mkiwa mmeshusha besi zaidi. Endeleeni hivyo mpaka mtoto ayapate yote.